Ngazi ya Mwalimu Liberatus

Nkuba alikataa chai. Inspekta Anjela Mwaisumo alimsogezea kikombe, akakisogeza tena, na yule kijana akakitazama tu mpaka mvuke ukaisha. Upepo wa asubuhi wa Julai uliingia kwenye chumba cha mahojiano kupitia dirisha lisilofunga vizuri, na Nkuba alikuwa bado na shati jepesi alilokamatwa nalo.

"Tuanze upya," Anjela alisema. "Ile ndoo."

"Afande, nimeshasema."

"Sema tena. Mimi mgumu kuelewa."

Hakuwa mgumu kuelewa hata kidogo. Alikuwa na tabia ya kumrudisha mtu nyuma kwenye maneno yake mpaka maneno yachoke kudanganya, na tabia hiyo ilikuwa imewachosha wezi wengi wa Mbeya pamoja na mume wake. Lakini maneno ya kijana huyu hayakuwa yakibadilika, na hilo lilimkera.

"Vyombo vilikuwa na madoa," Nkuba alisema. "Mwalimu Lugano akaniambia nivitakatishe. Vilikuwa vimelowekwa kwenye ndoo ya pamanganeti, ile iliyobaki kwenye mazoezi ya wanafunzi. Nikamimina hidrokloriki, maana ndiyo inatoaga madoa. Nikafunika ndoo. Nikafunga mlango, nikaenda kwa jirani kuteka maji."

"Kwa nini ulifunga mlango?"

"Tunafungaga siku zote. Wezi wa Ilomba unawajua."

"Hukusikia harufu?"

"Kidogo. Nikajua jirani anafua na Jiki."

Yaliyofuata Anjela aliyaona kwa macho yake. Mwalimu Lugano Mwankenja, mwenye kituo cha tuisheni pale Ilomba ambako Nkuba alikuwa msaidizi wa maabara, alikutwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha kuhifadhia vifaa vya maabara, mkono mmoja umeshika mguu wa meza, mfuniko wa ndoo umeanguka pembeni. Alikuwa mtu wa pumu. Mkemia aliyepima alisema ni gesi ya klorini, imetoka ndani ya ndoo ile ile. Pamanganeti na asidi ya hidrokloriki zilikutana, na aliyezikutanisha alikuwa amekaa hapa mbele ya kikombe cha chai iliyopoa.

Tena kulikuwa na ugomvi. Wiki ile ile aliyokufa, Lugano alimwita Nkuba mchunga ng'ombe mbele ya darasa zima, akamwambia arudi Usangu kwa baba yake akalale na ndama. Nkuba alijibu maneno mawili tu, na darasa zima liliyasikia: "Utanikumbuka, Mwalimu."

"Una A ya Kemia," Anjela alisema. "Ya kidato cha sita."

"Ndiyo, afande."

"Mkemia anasema mtu mwenye A hawezi kufanya kosa hilo kwa bahati mbaya. Anasema ni kama dereva wa basi kukanyaga mafuta akidhani ni breki."

Nkuba akainua uso kwa mara ya kwanza. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu mgeni akikosea ubaoni.

"Haiwezekani gesi itoke, afande. Hizi kemikali ni wanyang'anyi. Zinanyang'anyana elektroni. Zimepangwa kwa ngazi, kwa nguvu zake, zinapimwa kwa volti. Wa juu anamnyang'anya wa chini. Wa chini hawezi kumgusa wa juu. Sasa klorini aliyemo ndani ya hidrokloriki ameshashika elektroni yake, ametulia. Ili atoke awe gesi, lazima aje mtu wa juu yake amnyang'anye. Pamanganeti yuko chini ya klorini. Atamnyang'anyaje?"

"Mkemia anasema pamanganeti yuko juu."

"Basi amekosea."

"Mkemia amekosea, wewe umepatia. Na Mwalimu Lugano amekufa kwa nini? Kwa baridi?"

Kijana akakisukuma kikombe pembeni. Akasema polepole, "Ipo ukutani, afande. Kule shuleni kwetu Iringa. Mwalimu Liberatus ameiandika kubwa, ukuta mzima. Nenda kaangalie."

Nje kwenye korido Sajenti Dastan Sanga alikuwa anasubiri na jalada kwapani. Mkuu wao wa upelelezi alitaka jalada hilo lifike kwa wakili wa serikali kesho asubuhi, likiwa na neno moja juu yake: mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Kijana angepelekwa mahabusu ya gereza la Ruanda, hapo hapo Mbeya, na kukaa huko miaka akisubiri zamu yake, na mwisho wa zamu hiyo kuna kamba. Anjela alilijua hilo vizuri kuliko alivyopenda.

"Afande, kweli tunakwenda Iringa kusoma ukuta?" Dastan aliuliza.

"Washa gari."

"Muuaji anakwambia nenda kaangalie ukuta, na wewe unakwenda."

"Mwongo huwa anakupeleka kwa mtu, Dastan. Anasema muulize fulani. Huyu amenipeleka kwenye kitu kisichoweza kupewa soda kiseme uongo. Washa gari."

Walisimama Nyololo kunywa chai na kula viazi vya kukaanga, kwa sababu Dastan alikuwa hafikirii vizuri akiwa na njaa. Ukungu wa Mufindi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka, na malori yalipita na taa zake zikiwaka mchana. Anjela alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Huyo Mwalimu Liberatus yupo?" aliuliza. "Tusije tukafika kaenda shambani."

"Yupo. Nilimpigia asubuhi kabla hatujatoka."

Anjela akaweka kikombe chini. "Ulimpigia."

"Nilipiga hodi tu, afande. Mtu mzima yule, kafundisha mpaka wabunge. Siwezi kumvamia kama mpika gongo."

"Ukamwambia tunafuata nini?"

Dastan alikuwa mkweli, kwa hilo lazima asifiwe. Alikiangalia kiazi chake kwa muda. "Nilimwambia Nkuba kashikwa kwa ajili ya pamanganeti na asidi. Na tunakuja kuangalia ngazi yake."

Anjela hakumgombeza. Alilipia chai, akaingia garini, na kutoka hapo mpaka Iringa akawa anatazama saa yake kila kijiji. Alikuwa na hofu, na hakuweza kusema ni ya nini hasa, maana mwalimu wa watu alikuwa hajamkosea lolote.

Shule ya Mtakatifu Ludoviko ilikuwa juu ya kilima nje ya mji, majengo ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene za kizamani. Mkuu wa shule, Sista Veneranda, aliwapokea mlangoni akiwa na sweta juu ya kanzu yake ya utawa.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, Sista. Pole na kazi."

"Mwalimu anawasubiri maabara. Hakula hata chakula cha mchana. Amehangaika sana na habari za Nkuba."

Mwalimu Liberatus Kiwele alikuwa mzee mrefu mwembamba, mwenye tai iliyofungwa vizuri na viatu vinavyong'aa. Alimwamkia Anjela kwa heshima kama kwamba yeye ndiye mdogo, akafuta viti vya wageni kwa leso yake. Kisha, bila kuulizwa, akaonyesha ukuta.

Ngazi ilikuwa pale kama Nkuba alivyosema, kubwa, ukuta mzima, kila kidato na jina lake na volti zake. Juu kabisa florini. Chini yake pamanganeti, volti moja nukta tano moja. Chini ya pamanganeti, klorini, moja nukta tatu sita. Halafu daikromati, halafu bromini, halafu iodini.

Anjela alisoma mara moja, akarudia. Pamanganeti juu, klorini chini. Ukuta ulisema kama mkemia alivyosema. Kumbe kijana yule mkaidi alimwangalia machoni akamdanganya, na yeye akasafiri nusu ya siku kuufuata uongo wake.

"Nkuba alikuwa mwanafunzi mzuri," Mwalimu Liberatus alisema. "Inaniuma sana, Inspekta. Lakini ngazi yangu hii hapa. Alikaa mbele yake miaka miwili."

Dastan alitoa simu akapiga picha. Anjela alisogea ukutani, akagusa herufi ya kwanza ya neno klorini kwa ncha ya kidole. Rangi ilinata. Kwenye baridi ile isingekauka upesi hata mtu angeipulizia.

"Imepakwa lini, Mwalimu?"

"Juzi juzi. Ilikuwa imefifia. Tunajiandaa na ukaguzi."

"Ukaguzi gani, Mwalimu?" Sista Veneranda aliuliza. Aliuliza kwa upole kabisa, maana alitaka kweli kujua.

"Mahafali," mzee alijirekebisha. "Nilitaka kusema mahafali."

Anjela aliinama akatazama sakafu. Chini ya ukuta kulikuwa na vumbi jeupe la chokaa ambalo ufagio ulikuwa umeliacha kwenye ufa. Maandishi ya zamani yalikuwa yamekwanguliwa, siyo kupakwa juu tu. Hilo lilikuwa baya, lakini halikutosha. Rangi mbichi haisemi kilichokuwepo kabla yake. Wakili wa serikali angemcheka: mzee amepaka rangi maabara yake, sasa ndiyo nini?

"Kabla ya kukwanguliwa, iliandikwaje?" aliuliza.

"Hivi hivi."

"Neno kwa neno?"

"Inspekta, nimefundisha Kemia tangu hujaanza shule. Elimu ya volti haibadiliki kwa sababu ya rangi."

Ilikuwa kauli nzuri, na aliisema bila kutikisika. Anjela akamshukuru. Alifunga koti lake, akamwashiria Dastan, wakaanza kuelekea mlangoni. Sista akawafuata. Hapo ndipo waliposikia wimbo.

Nje ya dirisha, kwenye bustani ya kabichi, kidato cha tano walikuwa wanapalilia. Mmoja alikuwa anaanzisha, wengine wanaitikia, na majembe yakishuka pamoja na sauti. Ulikuwa mwendo wa ngoma ya Kihehe, ule wa kukanyaga mguu mmoja kwa nguvu.

"Nani baba yao?"

"Florini baba yao!"

"Nani mdogo wake?"

"Klorini mdogo wake!"

"Nani mgeni wao?"

"Pamanganeti mgeni, kaa chini yao! Daikromati mgeni, kaa chini yao!"

Mkono wa Anjela ulibaki kwenye kitasa. Nyuma yake alisikia viatu vinavyong'aa vikipita sakafuni haraka kuliko umri wa mwenyewe, na mkono ukishika dirisha.

"Acha wazi, Mwalimu," alisema bila kugeuka.

Wimbo ulianza upya kutoka juu. Florini, klorini, na wageni chini yao. Sista Veneranda alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa mwendo wake, kama mtu anavyofanya kwa wimbo alioshauzoea, mpaka macho yake yalipofika ukutani. Kichwa kikasimama.

"Nani alitunga, Sista?"

"Mwalimu mwenyewe. Mimi nilipoletwa hapa niliukuta. Askofu alipokuja waliuimba, akapiga makofi."

"Watoto wanakosea," Mwalimu Liberatus alisema. "Wimbo ni wimbo."

"Wote? Kwa sauti moja?" Anjela alirudi katikati ya chumba. "Niambie kwa nini klorini amekaa pale, Mwalimu. Siyo kwa volti. Kwa nini kwenye wimbo?"

Aliyejibu ni Sista, taratibu, akikumbuka alivyowahi kuelezwa. "Florini na klorini ni ukoo mmoja. Mtu na mdogo wake hawatenganishwi na mgeni. Hivyo ndivyo wanavyokariri. Ni adabu."

Dastan, ambaye mwenyewe alikulia kwenye nyumba ambako mgeni hakai kati ya baba na baba mdogo, alitoa mluzi mdogo wa kuelewa, kisha akaona aibu akaumeza.

Anjela alikwenda kwenye rafu. Alichukua chupa ya pamanganeti, kimiminika cha zambarau, akachukua na ile yenye kibandiko cha asidi, akaziweka mezani pamoja na bakuli la kioo. Halafu akafunga mlango, akafunga na lile dirisha alilokataza lifungwe. Sauti za watoto zikawa mbali.

"Changanya, Mwalimu."

"Unafanya mchezo."

"Wa chini hawezi kumgusa wa juu. Umewaimbisha watoto miaka yote. Changanya, halafu sote tubaki humu tunywe chai." Alishika kizibo cha chupa ya asidi.

"Usifungue!" Mzee alikuwa ameruka kati yake na meza. Mikono yake ilikuwa imefunika chupa yote. "Usifungue humu ndani. Kuna Sista."

"Basi unajua."

"Kila mtu anajua. Ipo vitabuni."

"Nkuba hajui. Yupo lokapu Mbeya, anaendelea kukutetea. Mkemia amekosea, anasema, Mwalimu wangu hawezi kukosea. Kesho anaitwa muuaji. Atakwenda Ruanda na ngazi yako kichwani, na hakuna atakayemwamini, kwa sababu wewe umeukwangua ukuta."

Alikuwa na hasira sasa, na hakujisumbua kuificha. Mzee aliiondoa mikono yake kwenye chupa, akainyoosha tai yake iliyokuwa imenyooka. "Sina la kusema," alisema. "Andika hivyo. Mwalimu hana la kusema."

Na angeweza kubaki na hilo. Anjela aliona wazi kwamba angebaki nalo mpaka kaburini, na Nkuba angetangulia. Uso wa mzee ulikuwa umefungwa kabisa. Kwa hiyo aliuliza swali lililokuja lenyewe, swali la kawaida la kazi, bila kujua linakwenda wapi.

"Wengine waliopita hapa wako wapi? Wanaofanya kazi na vitu hivi."

"Wako wengi." Hata pale fahari ilimshinda. "Kiwanda cha ngozi. Maji. Hospitali. Walimu wa Kemia niliowatoa mimi wamejaa Nyanda za Juu, wako Tukuyu, wako Makete, yuko Njombe..."

Akakoma.

"Nani yuko Njombe?" Anjela aliuliza.

Mzee alikuwa anatafuta kitu kwenye mifuko ya koti, ya ndani, ya nje, tena ya ndani. Alitoa simu ndogo ya vitufe. Vidole vilikosea namba, akafuta, akaanza tena. "Binti yangu," alisema. "Matilda. Ana mazoezi ya maabara mchana. Alhamisi ana maabara." Sikio lake moja lilikuwa zito, na simu ile siku zote aliiweka spika. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Sista Veneranda alikuwa anafanya ishara ya msalaba.

"Shikamoo baba."

"Matilda! Uko wapi?"

"Ndo naingia maabara. Kuna nini? Mama mzima?"

"Usiichanganye pamanganeti na hidrokloriki. Sikiliza. Usiichanganye. Ile ngazi siyo. Klorini hayuko juu, pamanganeti ndiye yuko juu. Nilikosea." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Niligundua zamani. Walikuwa wameshauimba mbele ya Askofu, nikaacha. Leo asubuhi nimeukwangua ukuta. Umenisikia? Mwanangu, umenisikia?"

Dastan alikuwa anaandika, kalamu ikikwaruza karatasi.

"Nimesikia, baba," Matilda alisema. "Mimi nilishajua."

"Umejua lini?"

"Mwaka wa kwanza chuoni. Sisi wa Mtakatifu Ludoviko tuliitaja ngazi mbele ya darasa, tukachekwa siku nzima."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, baba? Nikae sebuleni kwako nikuambie umekosea? Tuliofika chuo tulikubaliana. Tukasema tunyamaze, kila mtu atajirekebisha mwenyewe."

Anjela aliipokea simu kutoka kwenye mkono wa mzee. Aliwaza wale wasiofika chuo, waliorudi Usangu na Kilolo na Ludewa na wimbo ule vichwani, wakapewa ndoo na chupa na watu waliowaamini kwa sababu ya A yao. Alishindwa kuwahesabu.

"Mwalimu Matilda, naitwa Inspekta Anjela, polisi Mbeya. Kuna kijana wa hapa anaitwa Nkuba. Yeye hakufika chuo. Aliiamini ngazi, na mtu amekufa. Kesho wanamwandikia mauaji, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mwenye A anaweza kufundishwa hivyo. Nataka mtu aliyefundishwa hivyo aje aseme."

"Baba yuko hapo?"

"Yuko."

"Anasikia?"

"Anasikia."

Kule Njombe mtu alifunga mlango, na kelele za wanafunzi zikapungua.

"Nitakuja na wenzangu," Matilda alisema. "Tuko sita tunaowasiliana. Tutafika Mbeya usiku huu huu." Akavuta pumzi. "Mpeni baba kiti, tafadhali. Hawezi kusimama akiwa na aibu."

Sista Veneranda alikuwa ameshavuta stuli. Mwalimu Liberatus aliitazama, akamtazama Sista, kisha akageuka akasimama mbele ya ukuta wake, mikono nyuma, na hakukaa.